Picha Ambazo Simo

Nasimiyu, mwanangu,

Kuhusu uji wako, ngozi yako inayokauka wakati wa baridi, na jinsi unavyoogopa choo chenye giza, Kukhu, yaani mama yangu, ameshamweleza nyanya yako wa Bungoma, mama wa baba yako, mara nyingi kwenye simu, hata ameongeza mengine ambayo si ya kweli. Sitayarudia hapa. Kesho asubuhi utaondoka Kitale pamoja na nyanya yako huyo, na mimi nitawasindikiza nikiwa nimevaa sare, kwa sababu nikitoka stendi nitapitiliza hadi shuleni. Leo ni Jumapili mchana. Nyumba imetulia. Umelala kwenye kitanda cha Kukhu, mguu mmoja nje ya blanketi kama kawaida yako, na nimechukua nafasi hii kukuandikia.

Najua huwezi kusoma. Miaka minne hujafikisha. Barua hii itakungoja, na sijui itakungoja kwa muda gani, wala sijui utakuwa unaniita nani siku utakapoisoma. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Nyanya yako ameomba uzoee boma lao kwanza, na ili uzoee, ameomba usipewe picha yangu hata moja. Nimekubali. Nitakueleza kwa nini nilikubali, lakini lazima nianze na kamera, kwa sababu bila hiyo kamera nisingejua nimekubali nini.

Mwanzo wa muhula, Madam Chelimo, mwalimu anayesimamia klabu yetu ya uanahabari, aliniita kando akaniwekea kitu mkononi. Nilidhani ni kifutio. Kilikuwa na upana wa kiberiti, chepesi, na uzi wa kukining'iniza shingoni.

“Ni kamera,” akasema. “Nenda nayo nyumbani, uitumie kila siku, halafu uniandikie tathmini. Shule inataka kujua kama tununue zingine.”

Shule yetu hairuhusu simu, na klabu ina kamera moja tu, kubwa na ya zamani, ambayo kifuniko cha betri kimeshikiliwa na seloteipu. Nilimwuliza kwa nini amenichagua mimi ilhali kuna wasichana wa Kidato cha Nne.

“Kwa sababu wewe una mtoto mdogo. Hakuna kitu kigumu kupiga picha kama mtoto mdogo na kuku.”

Mwanangu, tangu nirudi shuleni baada ya kukuzaa, hakuna mwalimu aliyewahi kukutaja mbele yangu bila kushusha sauti. Madam Chelimo alikutaja kama mtu anayetaja kitabu au kalamu, kitu ambacho mwanafunzi anacho. Nilitoka pale nikitembea wima.

“Usiniandikie ni nzuri ama ni mbaya,” aliniambia nilipofika mlangoni. “Niandikie inamfaa nani, na inashindwa wapi.”

Nilipofika hapa mtaani kwetu Tuwan, Kukhu aliigeuza kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, akainusa.

“Hii ni kamera ama ni sabuni ya hoteli?”

“Ni kamera, mama.”

“Basi mimi usinipige. Ngoja nifunge kitambaa. Si unajua picha ikitoka mbaya ndiyo hiyo watabandika kwa jeneza.”

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu upande wa pili haujaamka tangu apatwe na kiharusi. Wewe ulicheka pia bila kujua unachekea nini.

Nitakuambia niliyoyaona, kama nilivyoyaandika kwenye rasimu ya tathmini yangu.

Kosa la kwanza la kamera hii ni kuchelewa. Ukibonyeza kitufe, inafikiri kwanza, halafu ndipo inapiga. Mtu mzima anaweza kuisubiri. Wewe huwezi. Nina picha nyingi za mahali ulipokuwa umesimama: kizingiti, ndoo, kivuli kinachoondoka, kuku wa jirani akishangaa. Nilijifunza kubonyeza kabla ya jambo kutokea. Nikikuona unavuta pumzi, najua unakuja kucheka, nabonyeza pale pale, na kicheko kinafika pamoja na picha.

Kosa la pili ni giza. Nyumba yetu ina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kamera hii haina taa yake yenyewe. Ukisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yako, unakuwa kivuli chenye masikio. Ngozi yetu inahitaji mwanga uje kutoka mbele. Kwa hiyo nilikuwa nakugeuza utazame nje, mwanga ukupige usoni, na mimi nakaa huko huko kwenye jua nikikunja macho, kwa sababu kioo chake kidogo kama stempu hakionekani juani. Mara nyingi nilipiga bila kuona ninachopiga.

Betri inakufa haraka ukikaa sana ukitazama picha ulizopiga. Hilo niliandika kama kosa la kamera. Baadaye nililifuta, nikaandika kwamba ni kosa la mwenye kamera.

Lakini ina jambo moja jema ambalo kamera kubwa haina. Haimtishi mtu. Huku kwetu, watu wengi wamepigwa picha wakiwa matangani, na miili yao imejifunza hivyo. Mtu akiona kamera kubwa ananyoosha mikono, anakaza uso, anasimama kama yuko kando ya jeneza. Mbele ya hii ndogo walisahau. Kukhu alisahau akachambua sukuma wiki kwa mkono mmoja, majani ameyabana kwa goti. Mwenye duka alisahau akapiga miayo. Nilianza kuelewa kwamba siku za kawaida zina sura yake, na kwamba sisi hatuna picha za sura hiyo.

Hapa lazima nikuambie juu ya baba yako.

Baba yako, Wafula, alizikwa kwao karibu na Kibabii, mwaka jana. Alikuwa amemaliza shule, akawa anafanya kazi ya ujenzi, akaanguka kutoka ghorofani. Simu yake ilivunjika pamoja naye. Pale kwenye mazishi, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye picha ya darasa, na pembeni kulikuwa na sikio la mvulana mwingine ambalo hawakuweza kuliondoa. Mama yake, huyo nyanya yako anayekuja leo, alipita kati ya vijana waliofanya kazi naye akiuliza, “Hakuna mwenye picha yake akicheka? Ama akikula? Hata akiwa na nguo ya kazi, si neno.” Walifungua simu zao, wakapekuapekua. Hakuna aliyekuwa nayo.

Unajua desturi yetu, au utaijua. Kabla ya mwili kushushwa, msemaji anaita watu kwa makundi waje kupigwa picha na marehemu. Wazazi. Ndugu. Wajomba. Waliosoma naye. Wa kanisani. Halafu akaita, “Mtoto wa marehemu!” Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Nilisogea mbele nawe, na mama mmoja wa ukoo akaniwahi, akakufungua leso taratibu.

“Tupe mtoto,” akasema. “Wewe ngoja hapo kidogo. Wewe si bibi yake.”

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo. Hakukuwa na mahari, hakukuwa na wazee waliokaa, kwa hiyo sikuwa na kundi la kuitwa. Ulipigwa picha umebebwa na shangazi yako, umekunja uso, unatazama pembeni. Ulikuwa unanitazama mimi. Picha hiyo iko Bungoma ukutani, na ukiitazama utaona macho yako yameelekea mahali ambapo pamekatwa.

Na lipo jambo lingine. Kabla hajafa, baba yako alikuja hapa Tuwan kukuona. Alikuwa amebeba ndizi na kofia ndogo ya sufi. Nilisimama mlangoni nikakataa asiingie. Alikuwa amekaa kimya miezi yote ya ujauzito wangu, miezi ambayo nilijifunga sweta shuleni wakati wa jua kali ili wasione, na nilitaka asimame nje kwa muda, kama nilivyosimama mimi. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Hata leo nafikiri nilikuwa nayo. Alisema, “Sawa, Nekesa, nitarudi ukipoa,” akaweka ndizi kizingitini akaenda. Nilidhani hasira ni kitu ambacho mtu anaweza kukiweka kando akaja kukimaliza akipata nafasi. Kofia ulivaa. Hakuwahi kuiona kichwani mwako.

Sikuandikii ili uwe mtu wa kusamehe upesi. Kuna watu hawafai kufunguliwa mlango. Nataka tu ujue kwamba alikuja.

Sasa nirudi kwa kamera, maana hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo linaniuma zaidi kwa sababu ni dogo na nililifanya kwa uangalifu.

Kamera hii inatosha kiganjani mwako. Uligundua mwenyewe jinsi inavyobonyezwa. Ukaanza kuzunguka nayo ukisema, “Cheee!” na kumwelekezea kila mtu. Nilikuacha Jumamosi nzima. Ilipofika jioni kadi ikakataa kupokea zaidi, imejaa. Nilikaa hapo kizingitini kukagua kazi yako kama Madam alivyotufundisha: mstari umenyooka? Mwanga uko wapi? Kitu muhimu kinaonekana? Kilikuwepo kidevu kutoka chini. Kilikuwepo kipande cha uso na nusu ya sufuria. Goti lenye unga. Mkono mkubwa unaokuja mbele, umefunika karibu picha yote, ukija kukunyang'anya kamera. Mdomo wenye ugali ndani unaocheka.

Futa. Futa. Futa.

Nilibakisha zangu, zilizonyooka, wewe katikati, mwanga mbele. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Wiki iliyopita nilipeleka kadi studio mjini ili zichapishwe zile bora. Mwenye studio alizitazama kwenye kompyuta yake.

“Sista, hii ulipiga ukiruka kamba?”

“Ni kamera inachelewa.”

“Aah, usisingizie kamera bana. Lakini huyu mtoto ni msafi. Ni mdogo wako?”

Nikasema, “Ni wangu.” Akanitazama, akatazama sketi yangu ya shule, kisha akaanza kukata picha.

Nilizipanga juu ya kitanda. Kukhu alikuwa ameketi, akiniuliza moja moja, nami nikimjibu. Hapa Nasimiyu anaoga. Hapa anamfukuza kuku. Hapa amelala na kiatu. Kukhu alitazama zote, kisha akauliza swali la mtu mzee ambaye hajui mambo ya mstari na mwanga.

“Na wewe uko wapi?”

Nilitafuta. Nilizipindua hata nyuma, sijui kwa nini. Sikuwepo. Kila picha niliipiga mimi, na wakati huo huo nilikuwa nje yake. Zile pekee nilizokuwa ndani yake ni zile ulizopiga wewe, kidevu changu, goti langu, mkono wangu, mdomo wangu ukicheka, na nilikuwa nimezifuta kwa sababu hazikupigwa vizuri. Kuna jirani aliyewahi kutupiga picha kwa simu yake mimi na wewe tukitoka kanisani, akaahidi kunitumia. Simu ikaibiwa sokoni.

Nilimweleza Madam Chelimo. Alichezea kofia ya kalamu yake. Halafu akasema, “Andika hiyo pia.” Akaniambia kamera nitairudisha, ila kadi nibaki nayo.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwomba mtu mwingine atupige siku hiyo hiyo. Ningeweza. Lakini ya nini, na nilishakubali picha yangu isiingie Bungoma?

Nakumbuka vizuri jinsi nilivyokubali. Mwezi uliopita nyanya yako alikuja na shemeji yake. Kukhu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Kila mtu alikuwa anajua bila kuambiwa: Kukhu hawezi kukuangalia tena, atahamia Kimilili kwa dada yake aangaliwe yeye, mimi nitaingia bweni nimalize shule, nyumba hii tutairudisha kwa mwenyewe. Wewe peke yako ndiye hukuwa na mahali, na wao walikuwa na mahali na hawakuwa na mtu.

Nyanya yako alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

“Nekesa, mimi sikuibii mtoto. Shule ukimaliza, tutaongea. Lakini nikimchukua, nimchukue mzima. Nilishalea wa dada yangu. Alikuja na picha ya mamake kwa mfuko. Kila siku anaitoa, analia, anakataa chakula. Tulikaa hivyo mpaka nikaogopa. Kwa hivyo picha, hapana. Na kuja kuja, hapana, kwanza.”

“Atanisahau, mama,” nikasema.

“Asahau kidogo. Si dhambi. Ataniita mimi mama, atakula, atalala.”

Nilimtazama Kukhu anisaidie. Kukhu alikuwa anatazama mkono wake mbovu. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu niliona yule mtoto wa dada yake, anayekataa chakula, na alikuwa na uso wako. Sijui kama nilikosea. Makosa mengine ninayajua kwa majina. Hili bado silijui kama ni kosa.

Umegeuka kitandani. Kuna mtu anabisha hodi. Ngoja.

*

Nimerudi. Sasa jua linazama na nyanya yako yuko nje anaosha miguu. Alifika mapema kuliko tulivyotarajia. Nitakuandikia yaliyotokea yakiwa bado mapya, kabla sijayanyoosha.

Aliingia na mfuko wa mahindi mabichi na kitenge kipya cha kukubebea. Uliamka ukasimama katikati ya nyumba, nywele zimelala upande mmoja, ukamtazama. Hukulia. Ukapekua chini ya mto wa Kukhu, ukatoa kamera, ukamwelekezea.

“Cheee!”

“Ni nini hiyo, ni bunduki?” akauliza.

“Ni sabuni ya hoteli,” Kukhu akasema, na wazee hao wawili wakacheka, na kwa kicheko hicho kidogo nyumba ikapata hewa.

Ulimpandia miguuni ukaanza kumwonyesha picha kwenye kile kioo kama stempu. Huo ndio mchezo wako siku hizi. Unaweka kidole juu ya picha na kuuliza, “Huyu nani?” hata kama unajua. Lazima mtu ajibu. Nyanya yako alijibu. Huyu ni Simi, kama unavyojiita. Huyu ni kuku. Huyu ni Simi tena. Ukafika kwenye ile niliyokupiga ukiwa umekasirika kwa sababu nilikukataza kuingia matopeni. Umekunja uso, mdomo wa chini umetokeza mbele.

Akaisogeza kamera karibu na macho, halafu mbali, halafu karibu.

“Huyu ni Wafula,” akasema.

“Simi!” ukamsahihisha.

“Ni Wafula. Hivi ndivyo alikuwa ananuna nikimtuma maji.” Aliifuta kamera kwa ncha ya kitenge ingawa haikuwa na uchafu. “Mimi sina hata moja. Hata moja tu akinuna. Nekesa, hii inaweza kutolewa kwa karatasi?”

Nikamwambia imeshatolewa. Nikampa kutoka kwenye bahasha. Akaishika kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa inatetemeka, na alilia bila sauti, jinsi ambavyo hakulia kwenye mazishi ambako alikuwa analia kwa sauti.

Mimi sikusema kitu. Nimefundishwa kutowajibu wazee, na pia nilikuwa nimeshasema sawa. Kukhu ndiye aliyesema. Maneno yake yanatoka polepole siku hizi, kama mtu anayetembea gizani, kwa hiyo yote tulilazimika kuyasubiri.

“Mama Wafula. Wewe unalilia picha ya mtu aliyekufa. Sikulaumu. Lakini huyu wangu bado anapumua, na wewe ushamzika.”

Nilitaka ardhi inifunike. Nyanya yako alitazama ile picha yako, akanitazama mimi, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kunitazama mimi mwenyewe, bila kutafuta kwangu alama za mtoto wake. Ulikuwa umechoka na ukimya, ukaanza kumvuta sikio.

“Sikutaka alie,” akasema hatimaye.

“Atalia,” Kukhu akasema. “Hata wewe unalia.”

Akapangusa uso. Akanyoosha mkono kwako, ukampa kamera.

“Hii kitu inafinywa wapi?”

“Hapo juu, mama. Ukifinya, usisogee. Inafikiri kwanza.”

“Basi mchukue. Kaeni hapo mlangoni. Moja. Moja tu. Nitaiweka kwa Biblia yangu. Akiuliza, nitamwambia. Asipouliza, mimi sitamsumbua nayo.”

Nilikubeba nikakaa kizingitini. Nilijua mwanga utakuwa nyuma yetu, nikageuka ubavu kidogo ili utupate. Nilijua nikiwa na wewe mapajani utageuka, na uligeuka. Nyanya yako alishikilia ile kamera kwa mikono miwili kama anayeshika kifaranga, akafinya, akasubiri, akaendelea kusubiri hata baada ya picha kupigwa, maana hakuna aliyemwambia imekwisha.

Tathmini yangu nilikuwa nimeshaiandika mwisho wake. Nilikuwa nimesema kamera hii haifai kwa mtu anayetaka picha nzuri, haifai gizani, haifai kwa mwenye haraka, lakini inawafaa watu ambao wangeogopa kamera nyingine. Nitaongeza mstari mmoja kesho kabla ya kuirudisha. Nitaongeza kwamba inaweza kutumiwa na mtu ambaye hajawahi kushika kamera maishani mwake, na mikono yake ikitetemeka, na picha ikatoka.

Imetoka hivi: kidole gumba chake kimefunika kona moja. Kichwa changu kimekatwa juu ya nyusi. Wewe unatazama nje, mdomo wazi, unamwita kuku. Ukungu umetanda pembeni kwa sababu aliisogeza. Kwa sheria za klabu yetu ningeifuta. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilikimbia nayo mjini, na mwenye studio alikuwa anashusha mlango wake, akanitazama jinsi ninavyohema akaupandisha tena. Nimeipata kwenye karatasi. Imekuwa nyekundunyekundu kidogo. Nimeiweka juu ya meza hapa ninapoandikia, na itasafiri kesho ndani ya Biblia pamoja na barua hii.

Lakini kabla sijakimbia mjini kuna jambo lilitokea, na hilo ndilo nataka ulijue kuliko yote. Nyanya yako alikuwa bado ameshika kamera, anashangaa kioo chake. Ukamwendea kwa mchezo wako. Ukaweka kidole juu ya mtoto aliyegeuka.

“Huyu nani?”

“Huyu ni Nasimiyu.”

“Simi,” ukasema, umeridhika. Kisha kidole kikasogea. Ulitazama kwa makini, mwanangu, uliinama hadi pua ikagusa kioo, na niliona kwamba safari hii hukuwa unacheza. Umeona picha nyingi kwenye kamera hiyo. Hukuwahi kuuona uso wangu ndani yake, maana zile zako nilizifuta, na huo ulikuwa nusu uso tu, mdogo kuliko ukucha wako. Hukunijua.

“Na huyu nani?”

Nilikuwa karibu kabisa nanyi, ningeweza kujibu, na Kukhu angeweza kujibu. Tuliuma midomo, sisi sote wawili, tukamtazama yeye.

Alitazama kioo. Alitazama paa.

“Huyo,” nyanya yako akasema, “huyo ni mamako.”

Ukainua kichwa ukanitafuta chumbani, ukanipata.

Ni mimi,
Nekesa, mama yako.